Siku Waliyomtembeza Kifungo

Katika karakana ile ya kushona sare za shule, hakuna aliyeitwa jina alilopewa na wazazi wake. Mtu aliitwa kile anachokishona. Mstari wa nne, ule ulio karibu na dirisha, ulikuwa na wanawake wanne: wa kwanza Kola, wa pili Mkono, wa tatu Mama Pindo, na wa mwisho Kifungo. Shati liliingia kwa Kola likiwa vipande na kutoka kwa Kifungo likiwa shati, kisha likapelekwa kwenye meza ya mkaguzi, ambaye hakuwa na rafiki na hakutafuta.

Mama Pindo ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiti kimoja. Kwa hiyo ndiye aliyekuwa mama wa mstari. Ugomvi wa mstari uliamuliwa na yeye, na neno la mstari kwa msimamizi lilitoka kinywani mwake na si kwa mwingine.

Sasa macho yalikuwa yakimwacha. Si kwa mara moja. Yalimwacha polepole, kama wageni wanaoaga huku wakiendelea kukaa. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na akampa tarehe ya upasuaji, wiki tisa mbele. Tarehe ile ilipatikana kwa barua ya karakana. Mwenye kiti ana barua, asiye na kiti hana, na asiye na barua hurudi mwisho wa foleni ambayo watu huihesabu kwa miaka. Shida ni kwamba karakana haikuwa na subira na wagonjwa. Kwa hiyo Mama Pindo hakumwambia mtu. Alitia uzi kwa ulimi na mazoea, alifuata mstari wa chaki kwa ncha ya kidole, na kila jioni alijisifu moyoni kwamba ameimaliza siku nyingine bila kujulikana.

Ijumaa msimamizi alikuja akasimama nyuma yao.

"Mstari wa nne," alisema, "wiki ya tatu hii nyinyi ndio wa mwisho. Jumatatu asubuhi nataka kiti kimoja kiwe wazi. Mama wa mstari atanitajia jina. Asiponitajia, nitauvunja mstari mzima, kila mtu ashike njia yake."

Mchana, Kifungo alipokwenda kunyoosha mgongo uani, hao watatu walikutana penye bomba.

"Kuna la kufikiri hapo?" alisema Kola. Alikuwa mwembamba, mkavu, na maneno yake yalitoka yameshapigwa pasi. "Mashati yanalundikana kwa yule mtoto mpaka haonekani. Sisi tunamaliza, yeye bado anahangaika."

"Na tumbo lile," alisema Mkono, ambaye hakuwahi kusema jambo bila kucheka kwanza. "Miezi mitano sasa. Mwezi wa saba mikono haitaifikia hata cherehani, labda ashone kwa miguu."

Mama Pindo alinawa mikono ambayo ilikuwa safi. Tangu msimamizi aondoke alikuwa akidhani ni yeye. Sasa jina la mtu mwingine lilikuwa limetajwa, tena na watu wengine, na moyo wake ukatua kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Basi tumtembeze," alisema.

Ilikuwa desturi ya mstari wa nne peke yao, na aliyeianzisha ni yeye mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita walipolazimika kumtoa mwenzao ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, Mama Pindo alikataa aambiwe mbele ya watu, katikati ya kelele za cherehani. Walimchukua Jumamosi wakazunguka naye mji kwa miguu, wakamwonyesha kila kizuri, wakamlisha, wakacheka naye. Alipochoka wakamkalisha kwenye benchi la bustani, na mama wa mstari akamwambia. Mama Pindo aliuita huo utu. Yule mwenye mikono ya kutetemeka aliuitaje, hakuna aliyekwenda kumuuliza. Kiti chake ndicho alichopewa Kifungo, ndiyo maana Kifungo hakuijua desturi hiyo.

Alipoalikwa alishika mashavu.

"Mimi? Na nyinyi? Mjini katikati?" Miaka mitatu alikuwa akiishi pembezoni mwa mji ule, na alichokijua ni njia ya kutoka chumbani kwake mpaka karakana. "Mama Pindo, nitavaa nini?"

"Vaa viatu vya kutembea, mwanangu," alisema Mama Pindo.

Jumamosi walikutana mbele ya benki kubwa, saa tatu asubuhi. Kifungo alikuwa amefika saa mbili. Alivaa gauni la bluu lililolegezwa kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, na Kola alipoliona aliusifu mshono.

"Mama, nikushike mkono," alisema Kifungo walipoanza kutembea. "Miguu imenivimba, nisije nikaanguka barabarani nikawaaibisha."

Mama Pindo alimpa mkono haraka, akashukuru bahati yake. Alikuwa ameiogopa siku hii kuliko alivyomwogopa msimamizi: njia asizozizoea, ukingo wa barabara, magari. Sasa mjamzito alikuwa amemning'inia, na mjamzito hutembea taratibu, na tena husema kila kitu.

"Ngoja mama, hapa pana ngazi mbili, acha nipumue. Haya. Ooh, hapa wamemwaga maji, tupite huku. Huyu naye na baiskeli yake, mwache apite kwanza."

Wakapita barabara ya maduka makubwa. Kola na Mkono walisimama kwenye kila dirisha kukosoa nguo za watu.

"Ona ile suruali," alisema Mkono. "Miguu miwili, kila mmoja na ukoo wake."

"Na bei wameiandika kubwa ili usione mshono," alisema Kola.

Kifungo alicheka mpaka akashika tumbo. Mama Pindo naye alicheka, akichelewa kidogo tu nyuma ya wenzake. Mbele yake madirisha yalikuwa mabaka ya mwanga, na watu walikuwa vivuli vyenye sauti. Lakini alikuwa na hazina: mji huu aliujua. Aliutembea sana alipokuwa msichana, na alichokiona wakati ule hakikuwa kimemtoka. Alianza kuwaonyesha kituo cha zamani cha treni na milango yake ya chuma, na daraja la waenda kwa miguu. Alinyoosha kidole akasema kabla hawajauliza, na kila aliposema, Kifungo aliitikia, "Kweli mama, kipo," na yeye akazidi kujiamini.

Ndivyo walivyofika kwenye uwanja wa sanamu.

Sanamu ya mpanda farasi ilikuwa ikikarabatiwa. Walikuwa wameifunika yote, kuanzia kwato mpaka kofia, kwa turubai la kijivu lililoungwa vipande vipande. Watu wengine walipita bila kutazama. Lakini washonaji ni washonaji. Kola na Mkono walikwenda moja kwa moja kwenye turubai, wakalishika pindo, wakaligeuza.

"Mshono mmoja tu, bila kurudia," alisema Kola kwa sauti ya chini, kwa dharau. "Upepo ukija hili linakwenda na maji."

Mama Pindo alikuwa amebaki nyuma hatua kumi pamoja na Kifungo. Alihisi uwanja umefunguka, akasikia njiwa, akajua wako wapi. Aliona kitu kirefu cheusi mbele ya anga. Akainua mkono.

"Mtazameni farasi huyo!" alisema kwa sauti ya mwenyeji. "Miaka yote hiyo na shaba yake bado inang'aa. Ona alivyoinua mguu. Ona jicho lake, kama atakutemea mate."

Kola aliliachia turubai. Mkono alitaka kucheka, akaitazama sura ya Kola, akaacha.

"Mama anasema alivyokuwa zamani," alisema Kifungo upesi. "Si ndiyo, mama? Ananihadithia. Wameifunika, mama, wanaipaka rangi."

"Ndiyo," alisema Mama Pindo. "Namhadithia."

"Ahaa," alisema Kola.

Kutoka pale Kola akawa mwenye kuongoza. Aliwapeleka kwenye jengo refu lenye ukumbi wa wazi juu kabisa, mahali watu wanapopanda kuutazama mji. Waliegemea ukuta mfupi. Upepo ulikuwa mwingi, na Kifungo, ambaye hajawahi kuwa juu kiasi kile, alisahau kila kitu. Alikuwa akihesabu mapaa kwa kidole, akimwambia mtoto tumboni, "Umeona? Umeona?"

"Mama Pindo," alisema Kola kwa upole ambao hakuwa nao. "Unaiona karakana yetu kule? Pale penye lile paa jekundu."

Karakana haikuonekana kutoka pale. Ilikuwa upande wa pili wa jengo.

"Naiona," alisema Mama Pindo.

"Na ule moshi?"

"Kidogo. Moshi ndiyo, naona."

"Na yule ndege mkubwa aliyetua hapa ukutani, jamani, mbona haogopi watu?"

Mama Pindo alitabasamu kuelekea ukutani. "Amezoea," alisema. "Ndege wa mjini hao."

Mkono alijikunja akiziba mdomo kwa kanga ya begani. Mabega yalimtikisika. Mzee mmoja na mkewe waliokuwa karibu walitazama ukuta mtupu, wakamtazama Mama Pindo, wakasogea.

"Dada Kola, basi," alisema Kifungo. Sauti ilikuwa ndogo. "Dada Kola, tushuke. Nasikia kizunguzungu."

"Shuka wewe na Mkono mkanunue aiskrimu. Mimi na mama tunakwenda kunawa uso."

Kwenye vyoo vya wanawake hakukuwa na mtu. Kola alifunga mlango kwa mgongo wake.

"Vidole vingapi hivi?"

Mama Pindo alinyamaza. Kisha, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa jibu, alisema, "Vitatu."

"Sijanyoosha hata kimoja."

Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Kola, mdogo wangu, nina tarehe. Wiki tisa tu. Wakishanisafisha nitaona kama zamani, daktari amesema. Na kazi yangu hamjailalamikia. Mapindo yangu yanapita kwa mkaguzi."

Kola alicheka kwa pua.

"Yanapita. Nami nilikuwa najiuliza. Alhamisi nilimkuta yule mtoto ameshika wembe anafumua pindo chini ya meza. Nikamuuliza, akaniambia ameharibu yeye. Nikamtukana mpaka nikaridhika. Sasa niambie wewe, mshona vifungo anaharibuje pindo?"

Mama Pindo alitafuta ukuta kwa mkono, akaupata.

"Anayafumua na kuyashona upya," alisema Kola. "Ya kwako. Kila siku. Halafu ndiyo aanze vifungo vyake. Halafu sisi tunasema mtoto mzito. Wewe unadhani alikushika mkono leo kwa sababu ya miguu?"

Kuna mambo ambayo mtu huyajua mara moja na kwa ukamilifu, kama mwiko wa moto kwenye mkono. Mama Pindo aliziona jioni zote zile alizojisifu, moja baada ya nyingine, na katika kila moja alimwona Kifungo ameinama.

"Sasa nisikilize," alisema Kola. "Mimi nina binti wa kaka yangu, amekaa nyumbani mwaka mzima anahesabu nzi. Nataka kiti. Kiti chako, kiti chake, kwangu ni kimoja. Mama wa mstari ni wewe. Jina utalitaja wewe. Taja la kwako, nitasema nyumbani kwangu kwamba nimewahi kumwona mtu mwenye haki. Taja la kwake, nami sikuona kitu."

"Wiki tisa, Kola."

"Usiniombe mimi. Kamwombe mwenye wembe."

Bustani ilikuwa nyuma ya maktaba. Mkono na Kifungo walikuwa wamekwishakaa kwenye benchi, na aiskrimu mbili za ziada zilikuwa zikiyeyuka mkononi mwa Kifungo kwa sababu alikataa kuzilamba. Alimpa Mama Pindo ya kwake, akaviweka vidole vyake sawasawa kwenye kijiti, mmoja mmoja, kama anayemfundisha mtoto.

"Mama," alisema, "leo ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu nije mji huu. Nikijifungua wa kike nitampa jina lako. Lile la kweli, silijui hata ni lipi. Utaniambia?"

Mama Pindo hakulitaja. Alikuwa akipiga hesabu ambayo haikuwa ya namba. Huyu alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Huyu alikuwa na macho. Mwenye macho hapotei, atapata kiti pengine, atajifungua, ataendelea. Yeye, asipokuwa na barua, mwaka huu ungekuwa wa mwisho kuona hata vivuli. Kila neno lilikuwa kweli. Na aliona kwamba alikuwa akiyapanga maneno hayo vizuri, moja juu ya jingine, kama mtu anayepanga nguo kwenye sanduku la safari.

Kola alikohoa.

"Mwanangu," alisema Mama Pindo, "mstari unakushukuru. Jumatatu usije."

Kifungo alicheka. Alidhani ni utani. Siku nzima walikuwa wakitaniana. Alimtazama Mkono ili wacheke wote, na Mkono, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakucheka.

"Nisije wapi?"

"Karakana. Msimamizi anataka kiti. Tumekubaliana."

"Ni kwa sababu nachelewa?"

"Ni kwa sababu unachelewa."

Aiskrimu ilimdondoka Kifungo kwenye gauni la bluu, hakuifuta.

"Na barua ya kliniki? Ya kujifungulia? Mama, nimeandikishwa kwa barua ya karakana."

Njiwa walikuwa wakitembea chini ya benchi. Kifungo alimgeukia Mama Pindo mwili mzima, akausogeza uso wake karibu kabisa, karibu kiasi ambacho hata macho yale yangeweza kuuona.

"Mama, unajua nachelewa kwa nini?"

Aliuliza taratibu, bila hasira. Alikuwa amefungua mlango na kusimama kando ili mkubwa wake apite. Kola alikuwa ameegemea mti, amekunja mikono, anasubiri. Mama Pindo alisikia pumzi ya yule msichana, alisikia harufu ya maziwa na sukari, na alijua kwamba neno moja lilitosha, na kwamba hakuna mtu duniani angelisema kwa niaba yake.

"Najua una mimba, mwanangu," alisema. "Mwili umekuwa mzito. Si kosa lako."

Kifungo angeweza kusema. Wembe ulikuwa wake, siri ilikuwa yake, na Jumatatu msimamizi angemsikiliza. Lakini watu wa namna yake hujua kufumua kosa la mwingine chini ya meza, hawajui kulinyanyua juu.

"Sawa, mama," alisema.

Alisimama kwa kushika mgongo wa benchi. Akamwambia Mkono asante kwa aiskrimu. Akamwambia Kola asante kwa kuusifu mshono. Kisha hatua zake zikaenda juu ya changarawe, nzito kidogo, zikafika kwenye lami, zikachanganyika na za watu wengine. Huenda aligeuka kutazama nyuma. Mama Pindo hakuweza kujua, na hakumuuliza mtu.

"Twende," alisema Kola. "Umelisema vizuri. Kama mara ile."

Jumatatu saa moja Mama Pindo alikwenda mwenyewe ofisini, akifuata ukuta, akalitaja jina. Msimamizi hakumuuliza sababu. Saa mbili binti wa kaka yake Kola alikuwa amekwishakaa kwenye kiti cha nne, amevaa hereni mpya, mikono myepesi, anaangaza huku na huku. Cherehani ziliwashwa. Kola akashona, Mkono akashona, shati la kwanza likamfikia Mama Pindo. Alilipokea, akautafuta mstari wa chaki kwa kidole, akakunja, akashona kwa uangalifu ambao hajawahi kuutia katika shati lolote la maisha yake, akalisukuma mbele.

Yule binti alilichukua. Aliligeuza. Akalinyanyua juu, kwenye mwanga wa dirisha, mbele ya karakana nzima.

"Shangazi," aliita, bila ubaya wowote, "hili pindo limekwenda kombo. Nilifanyeje?"

Mstari wa tatu waligeuka. Mstari wa tano waligeuka. Mama Pindo aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, ukabaki pale.

Kola hakuinua kichwa chake.

"Kaza vifungo," alisema. "Halafu lipeleke mezani kwa mkaguzi hivyo hivyo."